Kitunga cha Kuazima

Nilistaafu ualimu nikiwa na magoti mabovu na maoni mengi. Magoti hayakunipeleka mbali, lakini maoni yalinifikisha kwenye ua wa parokia, hapa Ndosho, ambako kila Jumamosi alasiri akina mama watano hukaa kusuka vitunga kwa ile mikanda ya plastiki inayofungia mabalo, yale marobota ya nguo kuukuu. Nilikwenda kuwaeleza kwamba wanakaa vibaya na wataumia migongo. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nimekaa vibaya kuliko wote, nasuka.

Hatusuki ili tuuze. Vitunga vyetu vinakwenda kwa mabinti, kwa wakwe, na kwa padri, ambaye hushukuru sana kila mara bila kujua atatia nini ndani.

Kazi hii ina adabu yake, nami niliijua yote kwa sababu nilipenda kuwakumbusha wengine. Kitunga cha mtu hukigeuzi juu chini kutazama kitako bila ruhusa. Ni kama kufunua sufuria yake jikoni. Hupigi picha kwa simu. Ukitaka kujifunza ufundi wa mwenzako, unamwomba kitunga chake cha zamani. Akikubali, mnakaa pamoja na unakifumua mbele yake, polepole, mkanda kwa mkanda, ukitazama kila mmoja ulikopita, halafu unakisuka upya. Anayekupa kitunga ukifumue amekupa kila kitu. Asiyekupa, huulizi kwa nini.

Nilikuwa mkali wa sheria hizo. Mama mmoja aliposuka mistari yangu ya bluu na njano iliyopindapinda, bila kuniomba, nilinuna Jumamosi mbili nzima. Nilikuja, nikakaa, nikasuka nikiwa nimewapa mgongo ili waone vizuri kwamba nimenuna. Wao walikuwa wanaongea habari za mvua na hawakuona kitu. Mistari yenyewe mimi nilikuwa nimeitoa kwenye katoni ya sabuni.

Sasa, kati yetu kulikuwa na mama mmoja mzaliwa wa Kalengera, anayeishi Keshero, mtu wa maneno machache. Kila Jumamosi alikuja na kitunga cheupe kilichozeeka, ndani yake makasi na rozari. Kitunga hicho kilikuwa na kifuniko. Ukikibonyeza kilishika kwa mlio mdogo, na hata ukipindua kitunga chote, makasi hayakuanguka. Plastiki tupu, bila kamba, bila kifungo. Nilikitamani kifuniko kile kwa namna isiyomfaa mtu wa umri wangu.

Nilimwomba mara tatu anipe kitunga chenye kifuniko nikifumue. Mara zote tatu alicheka.

"Bado, mwalimu. Bado kwanza."

Naye alisuka vipya, akaviwekea vifuniko, na vifuniko hivyo vililegea. Ukipindua kitunga, vinaanguka. Mwenye akili angewaza jambo moja rahisi. Mimi niliwaza kwamba anavilegeza makusudi, ili siri isitoke nyumbani kwake. Nilirudi nikamwambia mke wangu kwamba uchoyo una sura nyingi. Akanijibu kwamba ana mahindi ya kupukuchua, kama ninatafuta kazi ya mikono.

Jumamosi iliyofuata nikamwomba yule mama aniazime kitunga chake cheupe nipeleke mayai kwa mkwe wangu. Sikuwa na mayai. Sikuwa na kuku. Mkwe ninaye, lakini hali mayai.

Alitoa makasi na rozari, akavifunga kwenye ncha ya kitenge.

"Utakichunga, papa?"

"Nitakichunga, mama. Juma ijayo nitakurudishia."

Jumatatu asubuhi, mke wangu alipokwenda sokoni, nikakiweka mezani. Nilikuwa nimejiahidi kufumua ukingo wa kifuniko tu, nitazame, nirudishe. Lakini mkanda wa ukingo uliingia kwenye mwili, wa mwili ukaingia kwenye kitako, na mke wangu angerudi saa sita. Mwizi hana nafasi ya kusoma. Nilivuta, nikavuta, kila mara nikidhani siri iko mbele kidogo. Ilipofika saa tano na nusu nilikuwa na rundo la mikanda myeupe, imejikunja kama tambi, na siri haikuwemo.

Mke wangu aliingia, akalitazama rundo. Habari ya mayai nilikuwa nimempa na yeye.

"Mayai utayabeba mu nini sasa?" akauliza, akaenda kuwasha moto.

Siku nne nilijaribu kukirudisha. Jaribio la kwanza lilifanana na kofia. La pili, mke wangu alisema, lilifanana na la kwanza. Kuomba msaada kwa wasukaji wengine sikuweza, kwa sababu mikanda ile wangeitambua mara moja. Ijumaa nilikuwa nimechoka na nina hofu, na Jumamosi mbele za watu sikuitaka. Nikatia mikanda kwenye mfuko, nikanunua mayai kumi, maana kwetu cha kuazima hakirudishwi kitupu, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Keshero. Njiani nilitunga hotuba kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa makosa yangu husikika kama bahati mbaya.

Hotuba haikutoka. Nilipoweka mfuko mezani kwake, aliufungua kabla sijaketi, na Kifaransa chote kikaniponyoka.

"Nilikifumua, mama," nikasema. "Nilitaka kuona kifuniko. Ile ya mayai ilikuwa bongo, uongo mtupu."

Alitia mkono kwenye mfuko, akaugusa mkanda mmoja mmoja.

"Ile kitunga haiko kazi yangu," alisema mwishowe. "Ni mama yangu aliisuka. Alikufa mbele ya kunipa niifumue."

Nikatafuta pa kukaa.

"Miaka yote naangaliaka ku inje tu, najaribu. Yangu inalegea, uliona. Nilikuwa naogopa kuifumua. Nikishindwa kuirudisha, nitabakia na nini yake?"

Kumbe zile mara tatu alizocheka hakuwa ananinyima. Hakuwa nacho cha kunipa. Nilisikia aibu mpaka kwenye masikio, nikaomba moyoni anitukane. Matusi ningeyaweza, nilifundisha darasa la sita miaka mingi.

Hakunitukana. Alisogeza kiti chake karibu na changu, akapangusa meza kwa kiganja, akaitandaza mikanda, mirefu upande mmoja, mifupi upande wa pili. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyengoja sana na sasa ameitwa.

"Lakini sasa weye uliona," alisema. "Uliifungua yote. Niambie, papa. Ule mukanda wa kifuniko, kule ndani ulikuwa unapita wapi?"

Mimi niliyewarudishia watoto madaftari yao miaka na miaka kwa sababu wameandika jibu bila kuonyesha njia. Mtu pekee duniani aliyewahi kuwa ndani ya kazi ya mama yake nilikuwa mimi, nami sikuwa nimetazama.

"Sijue, mama. Nilikuwa na haraka."

Akachagua mkanda mmoja, mrefu, akauweka kati ya vidole vyangu kwa upole ulioniumiza kuliko kofi.

"Kamata tu," alisema. "Pengine mikono itakumbuka."

Nikaushika. Nikafumba macho na kuingoja mikono yangu, naye akaitazama kwa makini bila kupumua sana. Haikukumbuka kitu isipokuwa kuvuta.