Barua Niliyomwandikia Baba Mkwe wa Leokadia

Mhariri, jina langu lifiche. Hata ukilitoa, wa kunishtaki wamebaki wachache. Mimi ndiye niliyemwalika Mzee Gwimo uwanjani. Watu wa Kibondo wamebishana juu ya jambo hili miaka na miaka, wengine wanasema alialikwa na chuo, wengine eti serikali yenyewe ilimwita. Uongo mtupu. Nilimwalika mimi, kwa kalamu yangu, na wala sikumwalika kwa heshima.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati ule watu wanahamishiwa vijijini. Nilikuwa nasomea ualimu Kasulu. Chuo chenyewe nakiacha, hakina kosa. Tulikuwa na timu ya wasichana ya mpira wa kikapu na mimi ndiye kapteni. Usicheke. Goli letu lilikuwa rimu ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye nguzo ya mkaratusi, na mwalimu wetu wa michezo alijifunza mchezo huo kwenye kitabu ambacho panya walishakula kurasa za mwisho. Kwa hiyo hatukujua kwa hakika mechi inaishaje. Tulicheza mpaka mwalimu achoke.

Msimu ule tulipangiwa kucheza na chuo cha Kibondo mara mbili, kwetu kisha kwao. Mshindi angeteremka Kigoma apande treni hadi Tabora, akapambane na vyuo vya kule. Wenzangu walitaka ushindi. Mimi nilitaka treni. Nilizaliwa Murungu, nikakulia kwenye maharage na mihogo, na treni nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Lakini nilishawaandikia nyumbani kwamba nitaipanda, na mama alishalitangaza jambo hilo kanisani.

Kikwazo kilikuwa msichana mmoja wa Kibondo aitwaye Leokadia. Alikuwa mrefu, mpole, hana maneno, na mpira ukiingia mikononi mwake uhesabu umeshaingia kwenye rimu. Mechi ya Kasulu tulitoka sare kwa sababu mvua ilituokoa. Lakini kabla ya mvua, Leokadia alinipitishia mpira katikati ya miguu, mbele ya chuo kizima. Mpishi wetu alicheka mpaka akaketi chini. Nilikasirika, nakwambia, wiki nzima ugali haukupita.

Sasa sikia. Leokadia alikuwa ameposwa, na aliyemposa ni kijana wa kwetu Murungu, mtoto wa huyo Mzee Gwimo. Habari hiyo alinipa shangazi yangu, jirani yao. Na sisi Waha, mambo ya mkwe si mchezo. Binti aliyeposwa hatazamani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, anakata porini. Ikibidi wawe mahali pamoja, binti anafunikwa nguo mpaka mzee apite. Kwa ukoo wa Mzee Gwimo mambo hayo yalikuwa makali kuliko kwetu sote. Na timu zetu zilicheza na bukta.

Umeshaona nilikokuwa naelekea.

Nikachukua karatasi safi, nikaandika kwa mwandiko wa kiofisi: “Kwa heshima na taadhima, Mzee wetu mpendwa, unaalikwa kuwa mgeni rasmi katika mchezo wa mpira wa kikapu hapo Kibondo. Utaketi chini ya goli la mashariki, ambapo ndipo huketi watu wakubwa. Uwepo wako ni nuru yetu.” Nikasaini “Kamati ya Michezo”, kamati ambayo mpaka leo haijazaliwa. Nikampa shangazi aifikishe. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Leokadia atamwona mzee, atakimbilia bwenini, hatatoka tena. Sisi tutashinda, mimi nitapanda treni.

Siku ikafika. Tulifika Kibondo juu ya lori, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Tukiwa tunanyoosha miguu, nikaona baiskeli inakuja, imefungiwa kiti cha mbao. Nyuma yake anatembea Mzee Gwimo, koti zito la kijivu, kofia, fimbo, na nyuma yake ndugu zake kumi na mmoja. Mgeni rasmi haendi peke yake. Mkuu wa chuo cha Kibondo hakuwa na habari yoyote, lakini mzee alichomoa barua mfukoni, mkuu akaisoma, akadhani imetoka wilayani. Akatoa hotuba ya kumkaribisha, papo hapo, bila kujikwaa. Mzee akaweka kiti chake chini kabisa ya goli la mashariki, wale kumi na mmoja wakajipanga pembeni.

Leokadia akatoka na wenzake, bukta, raba, jezi. Akamwona. Aligeuka haraka mpaka raba moja ikabaki uwanjani. Moyo wangu ukaimba.

Haukuimba sana. Mpishi wao, mama mmoja mnene, alivua kanga yake ya pili, kanga yenye michoro ya korosho, akawapa wasichana wawili. Wakaishika huku na huku kama pazia, Leokadia akarudi uwanjani nyuma yake. Refa alikuwa bwana afya wa pale, aliteuliwa kwa sababu ndiye aliyekuwa na filimbi. Akapuliza.

“Hiyo nguo ni ya nini?”

“Ni mkwe, bwana afya,” akajibu kapteni wao.

Bwana afya alimtazama mzee, akaitazama kanga, akavua kofia. Naye ni Muha. “Basi endeleeni,” akasema.

Jamani, sijaona mchezo kama ule. Pazia linakimbia kulia, Leokadia anakimbia kulia. Pazia linasimama, mpira unaruka kutoka nyuma yake unaingia kwenye rimu, unamdondokea Mzee Gwimo mapajani. Mzee anaupangusa vumbi kwa mkono wa koti, anaurudisha kwa mikono miwili. Hatukumwona Leokadia anatupa saa ngapi wala kutoka upande gani. Na wenzangu hawakumkaba. Nilimpigia kelele Perepetua, beki wetu, msichana wa Nyabibuye ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi.

“Perepetua, ingia!”

“Oya, dada,” akanijibu kwa Kirundi, yaani hapana, mikono nyuma. “Mimi sikati mbele ya mkwe aliyefunikwa. Mama atanilaani.”

Timu yangu yote ikasimama kwa adabu kama iko ibadani. Tulikuwa tunafungwa na kanga ya mpishi. Nikaiona treni inaondoka bila mimi, nikamwona mama kanisani, nikakumbuka mpira uliopita katikati ya miguu yangu. Sijitetei. Nilikimbia, nikaishika ile kanga kwa mikono miwili, nikaivuta chini.

Leokadia alikuwa amesimama na bukta yake, hatua tatu kutoka kwa baba mkwe wake, macho kwa macho. Akajifunika uso kwa mpira. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho. Kisha akachuchumaa, na nikaona mabega yake yanatetemeka. Ule mtetemeko ninao mpaka leo.

Mzee Gwimo alivua kofia akajifunika uso wake mwenyewe. Akasimama, akageuza kiti, akaketi akiwa ametupa mgongo. Wale kumi na mmoja wakageuka pia. Mechi ikamalizika wageni rasmi wote wanatazama mashamba ya mihogo. Kibondo walishinda, tena sana. Hata hatukuhesabu.

Baada ya mchezo niliitwa. Wakuu wa vyuo vyote viwili walikuwepo, nami nilikuwa na hakika barua imegundulika. Wapi! Hakuna aliyeitaja. Mzee aliongea kwa upole, bado amenipa mgongo.

“Mkwe wangu hana kosa. Aliyemfunua ndiye atakayemfunika,” akasema. “Binti, popote nitakapokutana na mkwe wangu, wewe utashika kanga. Mpaka siku mimi nitakapofumba macho.”

“Ndiyo, Baba,” nikajibu. Ningejibu nini?

Nilidhani ni maneno. Kumbe mzee alishaupenda mpira wa kikapu. Alisema mgeni rasmi haiachi timu yake njiani, akatangaza kwamba naye anakwenda Tabora. Mkuu wetu akanipa ruhusa, akasema adhabu ni adhabu. Kwa hiyo treni niliipanda. Nilisimama katikati ya behewa, mikono juu, kanga ya korosho mbele ya uso wangu. Upande mmoja Leokadia amekaa kwenye benchi, upande wa pili mzee. Kutoka Kigoma hadi Tabora sikuona kitu. Nilihesabu korosho.

“Binti, mkono wa kushoto umeshuka,” mzee alikuwa ananikumbusha. Lakini alikuwa na roho nzuri, maana alitusimulia yanayopita dirishani ili tusikose. “Sasa tunavuka Malagarasi. Maji mengi. Kuna mtu na mtumbwi. Sasa kuna mbuzi.”

Mbele kidogo akasema, “Binti, miwani nimeisahau nyumbani. Nisomee barua yangu, nimeishika hapa.” Nikasikia karatasi inafunguliwa upande wake wa kanga. Nikamsomea. Kwa heshima na taadhima, Mzee wetu mpendwa, mpaka uwepo wako ni nuru yetu. Akasema tena. Nikamsomea tena. Behewa zima likapiga makofi. Nikaona aibu, kwa sababu nilisikia anavyoikunja ile karatasi, taratibu, kama mtu anayekunja shuka la mgeni.

Tabora, refa alikuwa mtu wa pwani. Nilipoingia uwanjani na kanga akanifukuza. “Hapa si harusini,” akasema. Mzee alishaketi chini ya goli, barua mkononi. Leokadia akajifunga kanga kutoka kichwani hadi magotini, akakaa benchi. Wenzake wakafungwa vibaya.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, wewe unayesoma. Kuvuta kanga ilikuwa hasira, na hasira hupita. Lakini pale Tabora mzee angeondoka tu, Leokadia angecheza. Hakuna aliyethubutu kumwambia mgeni rasmi aondoke. Mimi peke yangu nilijua kwamba hakuwa mgeni rasmi wa mtu yeyote. Nilihitaji kumwinamia sikioni na kusema, “Baba, nisamehe, ile barua niliandika mimi.” Niliogopa. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu, nikamtazama mchezaji bora kuliko wote niliowahi kuwaona amekaa kwenye benchi kama mzigo.

Hakucheza tena. Aliolewa mwaka uleule. Nilishika kanga kwenye harusi yake, nikashika kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza, nikashika Krismasi. Nilikuwa nimeshaanza kufundisha Kasulu, na barua ikija kutoka Murungu najua ni kanga. Nikawa naomba ruhusa kazini, naandika “shughuli za kifamilia”. Wanafunzi wangu waliamini nina ukoo mkubwa sana.

Kabla miaka ya sabini haijaisha Mzee Gwimo akaugua. Niliitwa nikasimame mlangoni ili Leokadia aweze kumuaga. Nilishika kanga, mikono inauma, nikamsikia mzee anauliza kwa sauti ndogo, “Timu inaendeleaje?” Na Leokadia nyuma yangu akajibu, “Inashinda, Baba.” Timu ilishakufa zamani.

Tulimzika na lile koti la kijivu. Barua ilikuwa mfukoni, mwanawe alisema ndivyo alivyousia. Niliona ncha yake wakati wanafunika sanduku. Waombolezaji walipotawanyika nilibaki nimesimama pale kaburini na kanga juu, sijui kwa nini, mazoea. Leokadia akaja, akanigusa kiwiko.

“Teremsha sasa,” akasema.

Nikateremsha. Tulikuwa tunatazamana mimi na yeye, na sikumbuki kama tuliwahi kufanya hivyo kabla. Nikaanza kulia, nikamwambia, dada yangu, kuna jambo, ile barua.

“Najua,” akasema. “Tangu kwenye treni.”

“Ulijuaje?”

“Uliisoma yote, neno kwa neno, mara mbili. Na kanga ilikuwa mbele ya macho yako.”

Nilikosa pa kuficha uso. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema pale Tabora, kwa nini alikubali kukaa benchi, kwa nini alikubali yote. Akaichukua ile kanga mkononi mwangu, akaikunja vizuri.

“Ningemwambiaje Baba kwamba hakualikwa?”

Akaniacha hapo. Alikwenda kupika chakula cha watu wa matanga, na mimi nikaenda kumsaidia kumenya ndizi kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Ninyi vijana mnaopenda kumkomoa mtu kwa hila, sina mengi. Hila yako itampata asiyehusika, tena itampendeza, na hutaweza kumnyang'anya. Mkitaka kumshinda mtu mrefu, rukeni.