Kilainishi na Harufu ya Samaki

Nimekata minofu ya sangara kiwandani miaka mingi, na nikwambie ukweli: samaki haachi mtu. Utaoga, utasugua kucha kwa ndimu, utabadilisha nguo, lakini ukikaa karibu na mtu utaona anageuza uso taratibu. Hilo liliniuma kuliko baridi ya kile kiwanda. Ndiyo maana nguo zangu nafua mwenyewe, sijawahi kumwachia mke wangu, na ndiyo maana nikawa fundi wa vilainishi vya nguo.

Dukani hapa mtaani Igogo, Mwanza, muuzaji amenizoea. Nafungua kifuniko, nanusa, narudisha, nafungua kingine. Cha zambarau kinanukia vizuri kikiwa kwenye chupa, ila kikikauka kwenye shati unadhani umetoka kusafisha choo. Cha pinki kinapiga kelele mno. Mimi changu ni cha bluu, harufu yake imetulia. Tena kina utaratibu wake. Nguo ya samaki unailoweka kwanza kwenye maji baridi yenye siki, maana ya moto yanaipikia harufu humo humo. Halafu sabuni, halafu unasuuza mpaka povu liishe, na kwenye maji ya mwisho ndipo unatia kilainishi, kifuniko kimoja tu kwa beseni. Kilainishi hakisafishi nguo, bwana. Ukikimwaga juu ya uchafu unapata harufu mbili zinazogombana. Jirani tunayetumia naye ua mmoja ananiita bwana harusi kwa ajili ya mambo haya. Mwache aite.

Mwaka jana mama mkwe wangu alikuja kutoka Muleba, magoti yamemgomea kabisa. Hospitali wakampangia mazoezi ya viungo ya muda mrefu, akae kwetu mpaka ayamalize. Mke wangu ni mwalimu, anatoka mapema. Zamu yangu inaanza mchana. Kwa hiyo kila asubuhi tulibaki wawili, mimi na mama mkwe, na anayejua mambo ya ukwe ataelewa jasho lililonitoka. Kwetu Usukumani mama mkwe humkaribii. Chumba chake huingii, kitanda chake hata macho hayafiki. Kwao nao ni hivyo hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umeamkaje?"

Baada ya hapo kila mtu anatazama upande wake.

Hajakaa sana, chupa yangu ya bluu ikaanza kupungua. Jamani, niliwaka! Nikamwendea jirani moja kwa moja. "Jirani, kama unataka kunukia si useme?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Bwana harusi, mimi na sabuni yangu ya mche, manukato yako ya nini?" Nikaondoka nimenuna.

Kesho yake niliamka kabla hakujapambazuka vizuri, nimvizie mwizi wangu. Nikamkuta mama mkwe bombani. Ameinamia beseni, mkono mmoja umeegemea ukuta kwa sababu ya magoti, mwingine unafikicha shuka. Akachukua chupa yangu pale dirishani, akaimimina humo humo kwenye povu bila kipimo. Akakamua, akaingia nalo chumbani. Kamba iko nje, jua la Mwanza lipo la bure, yeye anakwenda kuanika shuka ndani! Alipopita nikasikia zile harufu mbili zikigombana, ya kilainishi na ya mkojo. Choo chetu kiko mwisho wa ua, na kwa magoti yale usiku asingefika. Hakuniona. Nikarudi kukaa kitandani, roho inaniuma vibaya sana.

Angekuwa mama yangu mzazi ningesema naye. Mkwe, utaanzia wapi? Nilichoweza ni kumwambia mke wangu amwekee ndoo chumbani ya usiku. Akasema alishaiweka, mama akaitoa akilalamika kwa maneno ya kwao: "Eh waitu, jamani, mimi si mgonjwa." Nikaishia hapo, maana mke wangu ana moyo mzuri lakini jambo hili angeliingilia kwa sauti, na mama angekufa kwa aibu.

Jumapili, tukiwa mezani, mama akatangaza anarudi Muleba Jumamosi inayofuata. Na mazoezi? Yametosha. Migomba inamsubiri. Mke wangu akabembeleza, akalia, wapi! Mimi peke yangu ndiye niliyejua anachokimbia. Na nilijua kwamba akiondoka na magoti yale, hatatembea tena.

Jumatatu, baada ya salamu, sikuondoka. Nilisimama kule kwenye kamba, nikaongea huku nimetazama chini.

"Mama, naomba radhi. Kazi yangu imenishinda. Harufu ya samaki imeingia nyumba nzima, hadi kwenye mashuka. Niruhusu kuanzia leo niyafue yote kila asubuhi pamoja na nguo zangu. La kwako uliweke tu kwenye beseni pale mlangoni."

Kujitangaza mwenyewe kwamba nanuka, tena mbele ya mama mkwe, we acha tu! Ni kitu nilichokificha miaka yote, na kwake yeye kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Akaegemea fimbo yake.

"Samaki," akasema.

"Ndiyo mama, samaki."

"Haya baba. Kama ni samaki."

Kesho yake beseni lilikuwa na shuka. Nikalifanyia kama nguo zangu za kiwandani: maji baridi, siki, sabuni, kusuuza, kifuniko kimoja. Nikafua na ya kwetu, ingawa yalikuwa safi. Mke wangu akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Jirani akataka kujua kama nimefungua biashara ya udobi, nikamwambia alete na lake. Kamba ikajaa mashuka, la mama likiwa katikati, na hakuna ambaye angeweza kulitofautisha. Jumamosi ikafika, ikapita. Hakuna aliyetaja basi la Muleba.

Shida ilikuwa kukunja. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Siku ya kwanza mama alikuja mwenyewe akashika ncha ya pili, tukalinyoosha, urefu wote wa shuka ukiwa kati yetu. Ilipofika mahali pa kukutanisha ncha, niliweka yangu kwenye kiti, nikarudi nyuma, naye akasogea na fimbo yake kumalizia. Ikawa ndiyo desturi yetu. Polepole nikaanza kuona anafika kwenye kiti upesi zaidi. Baadaye fimbo ikawa inabaki ukutani. Baadaye kabisa beseni la mlangoni likawa linakaa tupu asubuhi, nami sikuuliza.

Siku moja kabla hajasafiri, mizigo imeshafungwa, tulianua mashuka mara ya mwisho. Tukanyoosha, tukakunja, nikaanza kuvuta kiti.

"Acha kiti," akasema.

Akaja kwa miguu yake, bila fimbo, mpaka ncha yake ikafika kwenye yangu na vidole vyetu vikagusana. Hakunitazama. Alikuwa ananyoosha kona ya shuka kwa kiganja.

"Baba, tangu siku uliyokuja kuposa mpaka leo, mimi sijawahi kusikia harufu ya samaki kwako. Hata mara moja."

Akalichukua shuka, akaingia nalo ndani. Mimi nilibaki pale kwenye kamba nalia kama mtoto, na siku hiyo nilichelewa kazini.