Bata wa Nyumbani Hanyongwi

Bata wa tano alikuja mwenyewe nilipopiga mluzi. Nikammwagia shayiri. Alipoinama kula, nikamvunja shingo.

Nimewalisha hawa miaka yote. Hawakuwahi kuniogopa.

Bwawa letu liko kwenye vinamasi vya Lincolnshire. Sisi Waingereza tunaliita decoy. Siku hizi neno hilo ni la chochote kinachovuta wengine mtegoni. Zamani lilikuwa la Waholanzi, na wanasema lilimaanisha tundu la ndege tu.

Bata wa nyumbani akisikia mluzi, huogelea hadi kwenye mfereji uliofunikwa wavu. Wa porini humfuata. Mimi najibanza nyuma ya matete, donge la mboji kavu likifuka moshi mbele ya mdomo wangu, wasinuse pumzi yangu.

Wa porini hunyongwa. Wa nyumbani hurudi bwawani, ameshiba.

Bi Keziah Pridgeon, jirani aliyenifundisha kazi, alikuwa na sheria moja. "Wa nyumbani hanyongwi, Enoch. Huyo ni mwenzako."

Mwaka jana mwenye ardhi, Bwana Hallam, aliniita. Nyumba zetu sita ni zake. Aliongea kiko kikiwa mdomoni, moshi tele.

"Karatasi ndogo tu. Mnapisha miezi mitatu, nakarabati, mnarudi."

"Mbona nianze mimi kutia saini?"

"Huna maneno mengi. Wanakuamini. Na nyumba yako sitaigusa."

Niliisoma karatasi mara mbili. Neno kurudi halikuwemo.

Nikatia saini mbele ya wote.

"Umeisoma, mwanangu?" Bi Keziah aliuliza. Macho yake yalishaisha nuru.

"Yote."

Akatia ya pili. Wengine wakafuata.

Mwezi wa nne tingatinga likaja kubomoa nyumba zao tano. Bi Keziah, miaka themanini na moja, alikaa juu ya godoro lake mvuani. Nikampelekea chai.

"Kanywe mwenyewe, bata. Shayiri yako umeshapewa?"

"Bi Keziah, naapa sikujua..."

"Pumzi yako inanuka, Enoch. Washa mboji."

Alikufa wiki ya tatu, kwenye chumba cha watu baki.

Juzi Hallam alikuja bwawani. Linakaushwa, ipandwe ngano.

"Na bata wa nyumbani?" nikauliza.

"Wa kazi gani tena? Nyonga wote kabla ya Ijumaa."

Kisha akanipa bahasha. Karatasi ile ile. Safari hii jina lilikuwa langu peke yangu.

"Uliniahidi nyumba!"

"Niliahidi," alisema kwa upole. "Wakati ule kulikuwa na wa kuita."

Sina wa kumlaumu. Ila wewe unayesoma, jua hili: anayekutuma ukawavute wenzako hajakutoa kwenye idadi. Amekuweka mwisho tu.

Vidole vimekufa ganzi. Wamebaki saba, wanaogelea pale pale, wananitazama.

Kesho nitapiga mluzi. Watakuja.