Uzi Mwekundu Kwenye Kola

Miaka kumi na tisa nilipiga pasi nguo za watu pale kwa dobi, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama mgongo ninao. Tulikuwa na utaratibu wetu: kila mpiga pasi na uzi wake. Ukimaliza nguo unaushona mara moja ndani ya kola, unabana na kikaratasi cha tarehe, ili ikiungua ajulikane wa kulaumiwa. Wangu ulikuwa mwekundu.

Zilipokuja mashine mpya, tajiri wetu akatupunguza kazini, kila mtu na barua yake. Mimi kusoma kwangu ni kwa kudonoa, barua ndefu inanishinda. Nikaikunja, nikamwendea mwenyewe kwa adabu kudai kiinua mgongo.

"Mama, haki yako ipo," akasema. "Ila mhasibu hayupo, rudi Jumatatu. Na kwa kuwa umeshafika, hebu ninyooshee shati hili."

Nikanyoosha. Jumatatu mhasibu anaumwa, shati lipo. Jumatatu nyingine kafiwa; mashati mawili. Mhasibu yule alizika ukoo mzima, nami nikamaliza kabati zima la tajiri, bure, bila hata chai.

Jumanne moja mdogo wangu akaifungua ile barua. Akashika kichwa.

"Dada! Madai mwisho siku sitini. Leo ya sabini na moja!"

"Si nasubiri mhasibu?"

"Mhasibu gani? Umebembelezwa ukalala!"

Tukaenda mbio ofisi ya kazi. Afisa akampigia tajiri simu, naye akaja na shati limenyooka, ananukia, anacheka.

"Huyu mama tuliachana zamani, hata kwangu hakanyagi. Muda umepita, afisa. Sheria ni msumeno."

Hapo kwenye "hakanyagi" damu ilinipanda. Nikainuka, nikaigeuza kola yake mbele ya watu. Uzi mwekundu! Na kikaratasi cha jana bado kimening'inia. Mwenye kazi ya udobi, hata kukibandua hajui.

Afisa akavaa miwani.

"Jana alikunyooshea hili?"

Kola ya tajiri imegeuka kama sikio la mbuzi.

"Basi hujamwachisha kazi. Siku sitini zinaanza leo. Na msumeno, bwana, hukata mbele na nyuma."

Akagonga muhuri kwenye madai yangu, meza ikatikisika.

Ukumbini tajiri akanikimbilia. "Mama yangu, si tuyamalize kifamilia?"

"Mhasibu wangu kafiwa," nikamwambia. "Rudi Jumatatu."