Nailoni Niliyoiacha Ndani ya Kompyuta ya Shemeji

Ngojeni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana mkasa huu mtaa wetu wote wa Mwembesongo wanao na kila anayeusimulia anauongezea chumvi yake, mpaka juzi nikausikia kwa kinyozi asiyenijua, ananisimulia mimi mwenyewe huku ameniwekea wembe shingoni, nami nikawa naitikia "Kumbe!" na "Huyo naye!" kama mgeni wa mji. Aibu niliyoipata siikatai. Bora niwaambie mimi, pamoja na ile sehemu ya mwisho ambayo mtaani hawaijui, na ambayo ndiyo inayoniuma.

Kazi yangu ni simu. Nabadilisha vioo, nabadilisha betri, nasafisha matundu ya chaji yaliyojaa vumbi, na kwa hayo sina mpinzani mtaani (haya, ninao wawili). Kompyuta sikuwahi kuunda hata moja. Lakini nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Rehema, na kaka yake, Shabani, ambaye mchana anatoa fotokopi kule Mazimbu na jioni anafundisha watoto madrasa, akawa amekusanya vipande vya kompyuta kimoja kimoja, anataka ya kuchezea gemu za mpira, anauliza nani anaweza kumuungia. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Lete, shemeji, hizo nimeunda mpaka nimechoka."

Nikaiunga kwa siku mbili, jicho moja kwenye kazi, jingine kwenye video ya mafunzo niliyoifungua kwenye simu chini ya meza. Nikafika kwenye kipozaji, lile bonge la bati lenye feni ambalo linakaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ili kuiondolea joto isiungue. Chini yake, pale pale panapogusana na prosesa, palibandikwa nailoni nyembamba yenye maneno ya Kiingereza kwa herufi nyekundu. Sasa nyie mnajua tulivyolelewa. Kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti ya nyumbani kwetu imezeekea ndani ya nailoni, godoro la mama linalia kwachakwacha mwaka wa sita huu, na mtu akinunua friji akachana nailoni siku hiyo hiyo tunasema huyo hana uchungu na mali. Nikaona hii ni kinga, nikaiacha, nikapaka ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto juu ya nailoni, vizuri kabisa, kama siagi kwenye mkate, nikakaza skrubu nne. Uamuzi huo ulinichukua labda sekunde tatu.

Kompyuta ikawaka, nikapongezwa, nikala pilau mbele ya Rehema. Kesho yake simu ikaita. "Shemeji, nikifungua gemu, dakika kumi tu inaganda." Nikaenda, nikafungua ukurasa wa kuandikia, nikaandika jina langu na la Rehema yakifuatana, haikuganda. Nikamwambia, "Unaona? Nzima." Nilipofika kona tu, imeganda. Nikasema ni umeme wa mtaa wenu, Shabani wa watu akatafuta kifaa cha kudhibiti umeme, ikaganda. Nikasema iko karibu mno na ukuta, ikasogezwa katikati ya sebule watu wakawa wanaizunguka kama nguzo, ikaganda. Nikafuta kila kitu nikaipanga upya mara tatu. Lawama niligawa kwa waya, kwa kioo, kwa vumbi, hata kwa mvua. Ubavu wa kompyuta sikuufungua kamwe, kwa sababu fundi akifungua kazi yake mwenyewe anakuwa kama amekiri.

Ikafika Jumapili ya kujibiwa posa. Na kwa Waluguru, kama hamjui, baba anaweza kukaa pembeni akanywa chai yake, mjomba ndiye mwenye ndiyo na hapana. Mjomba wa Rehema, Mzee Athumani, anaendesha lori la kabichi na karoti kutoka Mgeta, na siku hiyo alishuka mlimani kwa ajili yangu tu, bado mikono ina oili kwenye kucha. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika "Marahaba" bila kuniangalia sana. Baba mdogo wangu Idrisa, mshenga wangu, akaona anipandishe thamani.

"Kijana wetu ni fundi," akasema. "Hata hiyo kompyuta unayoiona kaiunda yeye kwa mikono yake."

"Ahaa," akasema mjomba. "Basi iwasheni tuione ikicheza mpira."

Nilitamani umeme ukatike. Haukukatika (umeme huu huu unaokatika mtu akipaka sabuni bafuni!). Shabani akaanzisha mechi, majirani wakaja kuegemea dirisha, mjomba akasogeza kiti, na mambo yakawa mazuri mpaka nikaanza kupumua. Ikapatikana penati. Mpigaji akakimbia, akanyanyua mguu, akabaki hivyo hivyo na mguu hewani.

"Mbona hapigi?" akauliza mjomba.

Hapo ningesema, "Mjomba, sijui." Maneno mawili tu. Lakini nilimwona Rehema mlangoni na sinia la vikombe, nikaona watu wa dirishani, ulimi ukatoka mbio kuliko mimi. Nikasema, "Hivi ni virusi, mjomba. Na virusi vya aina hii vinatoka kwenye zile tovuti za, naheshimu wazee, za picha chafu. Nadhani shemeji mwenyewe anajua anachofungua usiku."

Mama yake Rehema akashika mdomo. Shabani aliangalia dirishani, na hapo dirishani walikuwepo wazazi wawili ambao watoto wao wanasoma kwake madrasa. Nilimwona anavyowaangalia. Nilijua nimesema uongo, nilijua ni uongo mbaya, na nikanyoosha kola ya shati.

Mjomba yeye akainuka, akapeleka kiganja nyuma ya kompyuta.

"Hewa ya baridi," akasema. "Inaandika vizuri?"

"Kuandika haina shida, mjomba," akajibu Shabani kwa sauti ndogo. "Kwenye gemu tu ndiyo inakufa."

"Yaani tambarare inakwenda, mlimani inazima. Na radieta ya baridi. Gari likizima mlimani kwa moto halafu radieta ni ya baridi, joto halifiki kwenye radieta. Katikati hapo pameziba kitu. Chomoeni kwenye umeme, nileteeni bisibisi."

Nikarukia, "Mjomba, hii siyo lori." Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, akaendelea kufungua skrubu. Kipozaji kikatoka. Akakigeuza. Nailoni hiyo hapo, imekunjamana kwa moto, na dawa yangu ya kijivu juu yake. Shabani akasogea, akasoma zile herufi nyekundu, akawatafsiria waliopo, taratibu, kama anafundisha darasa: "Toa hii kabla ya kufunga."

Dirisha likalipuka kwa kicheko. Na mimi, badala ya kufa kiume, nikajitetea. Nikasema niliiacha makusudi ili kitu kisichakae. Nikasema (Mungu anisamehe) mbona hata sofa la mama hapa lina nailoni yake?

"Sofa langu linacheza mpira?" akauliza mama yake Rehema.

Baba mdogo akajaribu kunikanyaga mguu nisiendelee, na kwa kuwa alikuwa amekalia sofa lenyewe, nailoni ikalia kwacha, watu wakaanza kucheka upya.

Mjomba akabandua, akafuta, Shabani akapaka dawa nyingine, wakafunga. Mechi ikachezwa yote, na ya pili, na ya tatu mjomba akacheza mwenyewe akafungwa sita, hakuna kilichoganda. Kisha akanawa mikono, akaturudishia barua yetu ya posa.

"Nailoni imetoka kwa bisibisi," akaniambia. "Uliyomsema mpwa wangu utayatoa kwa mdomo wako, na mbele ya masikio yale yale."

Nikayatoa. Nilisimama dirishani nikawaambia wale wazazi kwamba nimemsingizia Shabani, hakuna virusi, hakuna picha, nilikuwa naficha ujinga wangu. Mmoja akasema, "Sema kwa nguvu, huku nyuma hatusikii," nikasema tena.

Sasa hii ndiyo sehemu ambayo mtaani hawaijui. Rehema alitusindikiza mpaka nje, akamwacha baba mdogo atangulie. Nilidhani atanicheka. Ningependa anicheke.

"Nailoni hata mimi ningeiacha," akasema. "Lakini wiki nzima ulitafuta wa kumbebesha, umeme, ukuta, mvua, na vilipokwisha vitu ukachukua mtu. Ukamchukua kaka yangu. Siku nitakayokuwa mimi ndiye niliyekaa karibu nawe, utasema ni mimi."

Akarudi kwao.

Kuunda kompyuta nimeapa sitaunda tena, hilo ni rahisi. Gumu ni lile jingine. Siku hizi simu ya mteja ikinifia mkononi simsingizii mtoto wake wala maji wala chaja, namtazama usoni namwambia, "Nimeiua mimi." Wapo waliochukua simu zao wakahamia kwa wale wapinzani wangu wawili, wapo waliobaki. Barua ya posa ilikaa kwenye droo yangu mpaka mwezi uliopita tulipoipeleka tena, mjomba akasema yeye hana neno, aulizwe Rehema mwenyewe. Rehema ameulizwa. Amesema bado ananiangalia.