Mwalimu Alikataza Kuchana Kurasa

Mimi ni mtu mzima, natengeneza programu za simu hapa Majengo, lakini juzi nilirudishwa darasa la tano.

Enzi hizo, kule Mpitimbi, Mwalimu Kostansia alitukataza kuchana kurasa za daftari. "Kosa lako litunze, ukumbuke ulikotoka." Mpaka leo nikisikia harufu ya chaki namwona yeye. Na mpaka leo, kila ninapobadilisha programu, natunza toleo la zamani na kuandika pembeni nimebadilisha nini.

Sasa Mwalimu amestaafu, ni katibu wa ushirika wa wakulima, na ushirika huo ndio ulionipa kazi ya kuutengenezea programu. Juzi nikawaonyesha wajumbe programu yao ukutani, kwa projekta.

"Vile vitufe vya kijani vya mwanzo nilivipenda," akasema Mwalimu. "Ulishavifuta?"

"Sijafuta kitu, Mwalimu. Si wewe uliyetukataza kuchana kurasa?"

Wajumbe wakapiga makofi. Kichwa kikavimba. Nikafungua orodha ya matoleo yote, nikaikuza ili hata waliokaa nyuma waone. Maelezo niliyojiandikia mwenyewe yakajaa ukuta mzima: "Toleo la tisa: vitufe nimevikuza na kuvitia rangi nyekundu. Bibi katibu haoni hata tembo akipita."

Mwalimu akavaa miwani yake, taratibu.

"Gaudensi. Simama, soma kwa sauti."

Nikasimama, mikono nyuma, nikasoma.