Mchumba aliyeziba jino kwa tumbaku, Nachingwea miaka ya hamsini

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, kama mmebaki. Mjukuu ndiye anayebonyeza simu, mimi nasema tu.

Haya yalinipata mwenyewe na sitii chumvi.

Miaka ya hamsini, mashamba ya karanga ya wazungu yalijaza vijana Nachingwea. Dereva mmoja wa trekta, mtu wa Likunja, akaja kwetu Naipingo kuniposa. Tumwite Bakari.

Suruali imenyooka, viatu vinang'aa. Kisha akacheka.

Ee Mola! Meno rangi ya udongo wa barabarani, fizi zimerudi nyuma, na harufu ilitangulia kuamkia watu.

Bakari alikuwa na jino bovu. Enzi zile tuliamini jino linaliwa na mdudu, na dawa yake ni kushindilia tumbaku kwenye tundu mpaka afe. Mdudu wa Bakari alikuwa na roho ya paka, maana alishindiliwa kila siku.

Mjomba wangu akampenda papo hapo. Naye alikuwa mtafunaji wa tumbaku.

Na kwetu Wamwera enzi hizo, mjomba akisema umeolewa, umeolewa. Niliogopa sana, sifichi.

Nikakaanga mahindi makavu, nikawaandalia wote. Mgeni wa posa hakatai chakula cha ukweni. Bakari akatafuna kidogo tu, kaa! Jino hilo mkononi, na tumbaku yake ndani.

Akaliinua kwa furaha. "Mnaona? Mdudu katoka na nyumba yake!"

"Dawa hiyo!" mjomba akapiga makofi.

Nikajua nimekwisha.

Mama akainuka. Akaisogeza mbele sahani ya mjomba, ambayo haikuguswa. Mjomba alikuwa na kidonda shavuni tangu kiangazi, anakunywa uji tu na kusema ni joto la mwili.

"Kaka," mama akasema, "mwanangu atawapikia uji wanaume wangapi?"

Mjomba akaitazama sahani. Posa ikarudishwa siku ile ile.

Mnadhani aliacha? Wapi! Alihamishia tumbaku shavu la pili. Kidonda hakikupona, kikamfunga mdomo, na mimi ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko mpaka tunamzika. Nilimpenda, na bado namkasirikia.

Baadaye sana dokta alinieleza kuwa mdudu hakuwepo. Tumbaku ndiyo inayokula fizi, na vidonda vya namna ile huwa kansa.

Sasa nyie mnaoficha ugoro chini ya mdomo mkiuita kiburudisho, karibuni mnibishie. Aanze mwenye meno yake yote.